Mikia Isiyo na Makovu

Pwani, Jumapili mchana

Kwako Baba,

Shuleni tulifundishwa kuandika salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Huo mchanga sasa nimeuona, unaingia hadi kwenye chai, na mtu hawezi kumtakia mzazi wake kitu kama hicho. Kwa hivyo nakusalimu tu, wewe na Mama, na nauliza: kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Agosti? Na macho je? Ulienda kupimwa miwani au ulimwambia Mama umeenda ili anyamaze? Mimi sijambo. Malaria ilinishika mara moja ikaniachilia, na jua la huku limenifanya mweusi hadi siku ukinipiga picha itabidi uongeze taa.

Barua hii nampa Abdi, yule Msomali wa lori anayepakia chumvi huku na kuileta Eldoret, ambaye ulipiga picha za harusi yake. Posta sitaki. Siku hizi barua ikipita posta inasomwa na watu wengi kuliko gazeti. Nimepaka gundi mara mbili, ndani na juu. Ukikuta imebanduliwa ikabandikwa tena, isome halafu usinijibu lolote. Anwani sijaandika, na majina ya wakubwa pia sitaandika. Msomee Mama mkiwa wawili tu nyumbani Langas, si pale studio wateja wakisikiliza.

Baba, nina ombi moja na nimeliweka mwisho. Nakujua, utataka kuruka uende huko moja kwa moja. Usiruke. Kuna mtu anaitwa Kazungu ambaye amekaa selo siku tano kwa sababu ya kosa lililo kati yangu mimi na wewe. Usiposikia yote kwa mpangilio utasema tu kwamba Mwangi ameanza maneno yake.

Nilipoondoka nilikuambia nimepata kazi ya kupiga picha za samaki, ukacheka, ukauliza kama watakubali kukaa kwenye kiti. Sikukueleza vizuri kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa. Aliyeniandika ni mwanamke Mzungu, wanamwita Daktari Helga, na anachosoma ni nyangumi. Tuko watatu kwenye boti yake: yeye na daftari, mimi na kamera, na Kazungu, mwenyeji wa huku, anayeendesha. Huyo Daktari anaongea Kiswahili safi kutushinda mimi na wewe. Nilimsikia siku ya kwanza nikajiuliza, huyu amefundishwa na nani, na kwa nini alijisumbua hivyo?

Kazi yenyewe ni hii. Nyangumi akitaka kuzama chini kabisa anainua mkia wote juu ya maji. Upande wa chini wa huo mkia una weusi na weupe, na mikwaruzo, na makovu ya meno ya wanyama wengine. Hakuna mikia miwili inayofanana, kama vile alama ya kidole gumba kwenye kipande cha kitambulisho. Daktari anataka kila mkia upigwe picha ili alinganishe na picha za wenzake walio mbali kusini, kwenye barafu, ajue kama ni nyangumi wale wale wanaokuja kuzalia huku. Mimi nilisikia hayo nikatikisa kichwa kwa heshima, na moyoni nikasema huyu mama ananificha kitu. Nani anatoka Ulaya aje kupiga picha mkia?

Na wiki tatu nzima hatukuona kitu. Kila asubuhi tunatoka, jua linatuchoma, matapishi yananitoka, na Daktari anaandika namba kwenye daftari. Namba za nini, na bahari ni tupu? Nikaanza kuhesabu mambo kichwani. Anauliza vina vya maji. Anauliza meli gani zimepita. Kuna siku alitazama kwa darubini upande wa Mombasa, dakika nyingi, akasema ni ndege tu. Sikumwamini hata kidogo.

Kazungu pia sikumwamini. Huyo ni mtu wa maneno machache, umri wake kama wa baba mdogo, na kila siku alikuwa anafungua kitambaa chake cha chakula ananikatia kipande kikubwa cha muhogo, yeye anabaki na kidogo. Mtu mwingine angesema asante. Mimi nilijiuliza ananinenepesha kwa sababu gani. Halafu siku moja nikamwona nje ya duka anaongea na jamaa mmoja mgeni, amevaa koti jua likiwa kali, na unajua mtu wa kuvaa koti kwenye joto ni mtu wa aina gani. Nilimuuliza Kazungu, huyo alikuwa anataka nini. Akasema alitaka kuona kadi yake ya chama. Nikaiweka hiyo mahali kichwani. Sikuitupa.

Sasa nikueleze nilivyomwona nyangumi, maana hiyo hata nikikosana na dunia yote nitaisimulia.

Ilikuwa asubuhi, maji yametulia. Kazungu akazima mashine bila kuambiwa, akaniwekea mkono begani, akasema, "Ngoja." Nikadhani boti imeharibika. Nilikuwa nimeshika kamera, lenzi ndefu imefungwa, filamu imevutwa, kila kitu tayari. Mbele yetu maji yakawa laini, kama mafuta yamemwagwa hapo. Halafu akatoka. Baba, si kichwa, si mgongo. Mwili wote ulitoka baharini, mkubwa kushinda lori la Abdi na trela yake, akasimama hewani, akajigeuza kidogo na kutuonyesha tumbo, jeupe lenye mifereji kama mabati. Mikono yake mirefu ilikuwa imefunguka. Halafu akaanguka, na mshindo wake niliusikia kifuani kabla ya masikio, na maji yakatupiga sote watatu.

Sikubonyeza. Miaka yote hiyo umenifundisha kwamba kidole kinakuwa kimeshaamka kabla jicho halijaona, na mimi nilisimama hapo mdomo wazi. Machozi yalinitoka, nakuambia wazi, wala sijui yalikuwa ya nini. Kazungu alinicheka mpaka akakaa chini. Alisema yeye mara ya kwanza aliachilia usukani kabisa, boti ikazunguka yenyewe.

Kumbe nyangumi akiruka mara moja anaweza kuruka tena na tena. Mara ya pili nilibonyeza mapema, nikapata picha ya maji matupu. Mara ya tatu Kazungu akanionyesha kwa kidevu mahali pa kungojea, nikangoja, nikampata. Na alipochoka kuruka akainua mkia akazama, huo pia nikaupata. Daktari alikuwa ananong'ona tu, "Huyu ni mpya, huyu ni mpya," na anachora haraka kwenye daftari. Siku hiyo nilimwamini. Niliacha kumshuku kwa siku nzima hivi.

Tangu hapo tulipata wengi. Kila mmoja Daktari alimchora mkia wake na kumpa namba. Nakumbuka sana namba saba, jike mwenye mtoto, aliyekuwa na mistari mitatu myeupe imeshikana kama uma, na ukingo wa mkia umekatika pengo dogo. Aliruka karibu nasi hadi Kazungu akasema siku nyingine atatupanda.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya filamu. Daktari ana kibali cha serikali cha kupiga picha baharini, na masharti yake ni kwamba kila filamu inaandikwa na kila picha inapelekwa kwa D.O., yule afisa wa tarafa, aione. Yeye alikuwa anataka kuzipeleka Nairobi zisafishwe. Mimi nikakataa. Nikamwambia Nairobi watazitoa nakala, na studio za karibu hapa zitaziunguza. Nikasema baba yangu yuko Eldoret, ana dakirumu yake, chumba cha giza cha kusafishia filamu, na picha ikitoka mkononi mwake hutakuta hata unyoya juu yake. Nilikusifu Baba, na nilisifu kweli. Na nilitaka pia uone. Nilitaka ujue kwamba kijana wako hapigi tena picha za maharusi wamesimama mbele ya pazia lililochorwa bahari, anapiga bahari yenyewe.

Roli tatu za filamu ile pana nikazifunga. Kazungu akazipeleka kwa Abdi kwenye mashamba ya chumvi, Abdi akakuletea, ukafanya kazi, na baada ya wiki mbili Abdi akamrudishia Kazungu bahasha, naye akatuletea. Ndani hamkuwa na barua wala neno lako hata moja, picha na negativu tu. Hilo pia nililiona si kawaida.

Daktari alifungua mezani. Picha za kuruka zilikuja juu, na ningependa ungeuona uso wake. Alizishika pembeni kama mtu anayeshika sahani ya moto. Kila tone la maji lilionekana, ule weupe wa tumbo haukuungua, weusi wa mgongo haukuziba. Nilijisikia kama ni mimi nimezaliwa upya. Halafu akafikia mikia. Akatazama wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akafungua daftari. Akasema, "Mwangi, hawa si nyangumi wangu."

Mikia yote ilikuwa safi, myeusi, inang'aa. Hapakuwa na kovu wala mkwaruzo, na namba saba hakuwa na uma. Ni kama tulipiga nyangumi waliotoka dukani jana. Daktari hakunifokea. Aliuliza kwa upole kama najua chochote, kama filamu ziliweza kubadilishwa njiani. Ningesema sijui, ingeishia hapo. Lakini Baba, mimi jina nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimeliweka kichwani tangu ile siku ya mtu wa koti. Abdi sikumwazia, huyo ni mtu wetu wa nyumbani. Na wewe, Baba, hata hukunipitia akilini.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupeleka picha kwa D.O. Yule wa koti naye alikuwa amekaa pale pembeni kama fanicha. Daktari alieleza kwamba picha haziko sawa, na ataomba muda. D.O. akauliza, "Nani alizibeba?" Mimi nikajibu kabla ya Daktari. Nikasema, "Kazungu ndiye alizibeba kwenda na kurudi." Nikaongeza kwamba nilimwona akiongea na watu asiowataja. Nilisema hivyo na huyo mtu wa koti mwenyewe ameketi hapo ananitazama. Unaona ujinga wangu ulifika wapi.

Wao hawakusikia habari ya nyangumi. Wao walisikia filamu za baharini zimebadilishwa. Wakataka kujua zile za kweli ziko wapi, zilikuwa na picha ya nini, na nani anazo. Kazungu alichukuliwa nyumbani kwake saa nane mchana, akiwa anatengeneza paa la banda la kuku. Mke wake alikuja kwenye boti kuuliza, na mimi nilijifanya nafuta lenzi.

Siku ya kwanza nililala vizuri, nisikudanganye. Niliona nimefanya kazi ya raia mwema. Siku ya pili niliacha chakula sahanini. Siku ya tatu Daktari alienda kumwombea, akarudishwa mlangoni. Aliniambia amefanya kazi na Kazungu miaka minne na hajawahi kupoteza hata kalamu. Nikamwambia watu hubadilika.

Siku ya tano nilichukua picha ya namba saba nikaiweka kando ya mchoro wa daftari. Na nikaona lile pengo. Ule ukingo uliokatika ulikuwa pale pale, umbo lile lile. Nikasema, kama huyu si yule, pengo hili amelipata wapi? Nikatoa negativu nikaenda dirishani. Sikuitazama kwa kuipitisha mwanga, niliilaza, jinsi ulivyonifundisha, ili mwanga uteleze juu yake. Hapo ndipo nilipoona. Mahali pote palipokuwa na kovu, dawa ya filamu ilikuwa imekwaruzwa kwa wembe. Viduara vidogo vidogo, taratibu sana, vimeanzia kulia kwenda kushoto. Hakuna mtu ninayemjua anayekwaruza kwa mkono wa kushoto isipokuwa wewe.

Nilikaa chini sakafuni.

Sitaki ufikiri sikuelewa. Nilielewa mara moja. Nimekua nikikuona kwenye kile kiti, lenzi ya fundi wa saa jichoni, chunusi unazijaza kwa penseli, kovu unaliondoa kwa wembe, na mteja akija anajiona mzuri analia. Hujawahi kumtoza mtu kwa hilo, na hujawahi kumuuliza. Unakumbuka yule wa kiwanda cha nguo, mwenye alama ya panga shavuni, uliyemtengenezea picha ya kadi ya kazi? Askari wa geti alimzuia siku mbili, akisema huyu kwenye kadi ni mtu mwingine. Alikuja studio amekasirika, na wewe ukamjibu kwamba kovu si yeye, ni kitu kilichompata. Ukampiga nyingine, ukaliondoa kovu tena kidogo. Mama alicheka hadi akamwaga uji. Mimi pia nilicheka.

Kwa hivyo najua ulivyoona hiyo mikia. Ulimwona mtu amechafuka, na kijana wako amemleta kwako, ukasema siwezi kumrudisha hivi. Ulikaa siku ngapi hapo, na macho hayo? Ishirini na mmoja, Baba, nimewahesabu. Ni kazi safi kuliko yoyote niliyowahi kuiona. Hata Daktari na kioo chake cha kukuzia hakugundua. Na kila ulichokiondoa ndicho tulichokuwa tumekitafuta. Nilikasirika. Nilikasirika sana kwa kuwa hukuuliza, halafu nikakumbuka kwamba na mimi sikukuandikia mstari mmoja kukueleza mikia ni ya nini. Nilitaka tu ushangae.

Sasa ningefanya nini? Ningeenda stesheni ya polisi nikasema ni baba yangu. Ni kweli, na kweli ingemtoa Kazungu. Lakini nikaona itakavyokuwa. Jina lako likiandikwa kwenye faili huku, faili nyingine inafunguliwa Eldoret. Watu wawili wa koti wanaingia studio, wanaangalia kama picha ya Rais imening'inia sawasawa, wanakuuliza ni nani alikutuma kufuta alama kwenye picha za bahari. Na wewe, kwa jinsi ulivyo, utawajibu kwamba ulikuwa unawapendezesha samaki. Wangekuweka ndani kwa hilo jibu peke yake. Na kifua hicho.

Basi nilienda nikasema ni mimi. Nikasema picha zilipofika nilizichukua kabla Daktari hajaamka, nikakwaruza negativu, nikazichapa upya mimi mwenyewe, kwa ujinga wa kazi ya studio, na nikaogopa kusema. Hawakuamini. Wakaleta wembe na ile negativu ya namba saba, wakasema, fanya tuone. Daktari alikuwa amesimama mlangoni. Kulikuwa na kovu dogo pembeni ambalo hukuligusa, nadhani hukuliona. Nikaliondoa mbele yao. Ulinifundisha vizuri. Mkubwa wao akaangalia akacheka, akawaambia wenzake kwamba watu wa bara wanaweza kumpaka samaki poda. Nikapigwa kelele sana, nikaandika maelezo, nikatia sahihi. Wakamwachilia.

Tulipotoka nje Daktari alisema polepole, kwa hicho Kiswahili chake, "Aliyekwaruza zile nyingine anatumia mkono wa kushoto." Nikaendelea kutembea. Akasema nyangumi bado wapo wiki chache, kwa hivyo tutawapiga upya kadiri tutakavyowapata, na filamu zitaenda Nairobi. Hakunifukuza. Nilimshuku mwanamke huyo miezi miwili, na leo siwezi kukuambia hata kosa lake moja.

Sasa nisikilize hapa. Kazungu alitoka na viatu mkononi, amekonda, jicho moja limevimba. Nilikuwa nimejipanga kumwambia, "Mimi ndiye niliyekutaja, nisamehe." Lakini yeye alikuwa ameshaelezwa kila kitu. Aliniambia, "Siku tano walikuwa wananiuliza kama ni wewe. Walisema nikikutaja nitaenda nyumbani. Nikawaambia yule hapana, yule ni mtu safi. Kumbe ulikuwa unajua wakati wote." Akavaa viatu akaenda kwa mke wake.

Unaelewa, Baba? Kwamba nilimshuku bure, hilo angeweza kulimeza, maana watu wote tunashukuana siku hizi. Lakini yeye anaamini nilikwaruza mimi, nikamtaja yeye, nikala na kulala siku tano nikijua kila kitu. Na siwezi kumwambia vingine bila kukutaja wewe, na niliapa stesheni. Sasa tunatoka baharini kila asubuhi watatu vile vile. Jana jike mwenye mtoto aliruka mara sita, karibu kabisa, na nilimpata vizuri. Kazungu alitazama usukani wake tu.

Msalimie Mama, mwambie sweta aliyonifumia naitumia kama mto. Msalimie dada yangu Nyambura huko Kapsoya na mume wake, na mwambie kama ndiye aliyefunga ile bahasha, alifunga vizuri. Baba mdogo wa Timboroa mwambie viazi vyake nimevikosa, muhogo umenichosha, ingawa siku hizi hakuna anayenikatia. Mzee wa duka la pembeni, yule anayekulinda studio ukienda kunywa chai, mpe mkono.

Ombi langu ni hili. Nataka kumwambia Kazungu peke yake. Si Daktari, si mtu mwingine. Nataka kumwambia kwamba ni mkono wa baba yangu, kwamba sikujua, na kwamba nilipojua nilienda siku hiyo hiyo. Yeye akitaka kwenda kusema stesheni, atasema, na sitaweza kumzuia, na itafika kwako. Mimi nadhani hatasema. Lakini nilidhani mambo mengi juu ya huyo mtu na yote hayakuwa kweli, kwa hivyo siwezi kukuahidi kitu. Jina ni lako. Ukikataa, nitanyamaza mpaka mwisho, wewe ni mzazi wangu, na sitakulaumu kwa sauti.

Usiandike barua. Mwambie Abdi neno moja tu, ndiyo au hapana, yeye hana haja ya kujua ni la nini. Atafika kwenye chumvi Jumamosi. Kwenda huko ni kwa boti, na anayenipeleka kuchukua jibu lako ni Kazungu.

Mwanao,
Mwangi